SOMO: Jinsi ya kusoma barua za kifamilia za mamwinyi wa Marekani, enzi za Washington na Jefferson

Wakuu, salaam. Kuna waliouliza siku hizi nakesha na nini. Nakesha na barua za watu. Ni za marehemu, msinitazame vibaya: akina Adams wa Massachusetts, akina Washington na Jefferson wa Virginia. Ndizo familia za marais watatu wa kwanza wa nchi hiyo. Walikuwa wakubwa wa wakati wao, watu wa majina na ardhi, na hao wa Virginia walimiliki watumwa kwa mamia.

Nilipoanza nilikuwa naruka salamu, naruka habari za sabuni na vitambaa, natafuta siasa tu. Nimepoteza miezi hivyo. Kilichonifungua macho ni kuelewa kwamba barua ya kifamilia zama zile haikuwa siri. Ilipita mikono mingi njiani, na ikifika ilisomwa kwa sauti mbele ya ndugu na jamaa. Mwandishi alilijua hilo tangu anachovya kalamu kwenye wino. Hatua zote hapa chini zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Chukua barua moja, siyo lundo

Tovuti ya Founders Online, ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, ina barua nyingi mno zilizokwisha kuchapwa, na ni bure. Ukitaka kuona karatasi zenyewe, Massachusetts Historical Society wameweka picha za barua za akina Adams pamoja na maandishi ya chapa. Anza na ya Abigail Adams kwa mumewe John, ya tarehe 31 Machi 1776. Kama una kompyuta tumia hiyo, kwenye simu utaumiza macho.

Hatua ya 2: Igeuze, anzia mgongoni

Bahasha hazikuwa za kawaida. Karatasi ilikunjwa ikajifunga yenyewe, ikabanwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa nje. Ndiyo maana barua nyingi zina kitundu au kona iliyochanika: ni pale muhuri ulipobanduliwa. Mara nyingi utakuta pia mwandiko wa pili, mdogo: mpokeaji ameandika imetoka kwa nani na ya tarehe ngapi, kisha akaiweka kwenye fungu lake.

Aliyelipa posta kwa kawaida ni mpokeaji. Kwa sheria ya 1792, karatasi moja ilikuwa senti 6 kwa safari isiyozidi maili 30, ikapanda hadi senti 25 zikizidi maili 450. Karatasi mbili, bei mara mbili. Ukiona mtu amejaza mpaka pembezoni, ujue anamwonea huruma atakayelipa.

Wengi walikwepa posta wakampa msafiri, kama sisi tunavyompa kondakta wa basi kifurushi. Hapo ndipo John Adams alipoumbuka. Julai 1775, akiwa Philadelphia, alimpa kijana mwanasheria, Benjamin Hichborn, barua za kupeleka Massachusetts. Waingereza (makoloni ya Marekani yalikuwa vitani nao) wakamkamata, na barua zikachapishwa kwenye gazeti la Boston. Moja ilikuwa ya kwenda kwa mkewe. Nyingine, kwa rafiki yake James Warren, ilimkejeli mtu mwenye mali nyingi na akili kiduchu. Hakumtaja jina, lakini John Dickinson, mjumbe mwenzake katika Bunge la makoloni, alijijua. Septemba walipishana barabarani, na Adams akaandika kwenye shajara yake kwamba mwenzie alipita bila kugusa kofia, bila kutikisa kichwa wala mkono.

Hatua ya 3: Herufi

Hii ni fupi. Herufi inayofanana na f katikati ya neno mara nyingi ni s ndefu. Kiherufi kilichopandishwa juu ya mstari ni kifupisho. Tahajia ni ya kila mtu na lake, msihangaike.

Hatua ya 4: Majina na undugu

Hapa wengi hupotea. Patsy ni jina la utani la Martha. Mke wa George Washington ni Martha, naye anaitwa Patsy. Binti aliyekuja naye kutoka ndoa ya kwanza ni Patsy. Binti mkubwa wa Jefferson naye ni Patsy! Polly ni Mary, Nabby ni Abigail. Andika mti wa ukoo kwenye karatasi kabla hujasoma.

Maneno ya undugu nayo yalikuwa mapana. "Kaka" anaweza kuwa shemeji. Neno ambalo leo kwa Kiingereza ni mama mkwe, enzi hizo liliweza kumaanisha mama wa kambo. Na bwana wa Virginia akiandika "familia yangu" anaweza kuwa anahesabu kila anayekaa chini ya mamlaka yake, watumwa wakiwemo.

Hatua ya 5: Tarehe

Kwa barua za kabla ya 1752 kuweni macho. Mwaka wa Kiingereza ulikuwa unaanza 25 Machi, hivyo tarehe za Januari hadi 24 Machi utazikuta na miaka miwili, kama 1731/32. Baada ya hapo, mserereko.

Hatua ya 6: Soma mahitaji

Tarehe 18 Juni 1775 George Washington anamwandikia mkewe kwamba amekabidhiwa jeshi zima. Anaeleza hofu yake, anasema ameandikiwa wosia. Sasa shuka chini, kwenye nyongeza: amenunua melimeli ya magauni mawili, aliyoambiwa ndiyo nzuri kuliko zote, shilingi 50 kila gauni, na anatumaini itampendeza. Mtu anakwenda vitani na bado anakumbuka kitambaa alichoagizwa. Mimi hapo ndipo nilipomwona Washington kwa mara ya kwanza.

Abigail vivyo hivyo. Barua ile ya 31 Machi inajulikana duniani kwa sentensi moja, "wakumbukeni wanawake", yaani John na wenzake watakapotunga sheria mpya. Isome yote. Inaanza kwa lawama kwamba mume haandiki barua hata nusu ya urefu wa zake. Inasema nyumba yao ya Boston imeachwa chafu lakini haikuharibiwa. John aliuliza kama anatengeneza shura (ya baruti, vita imeshika). Anamjibu bado, akimaliza sabuni atajaribu. Mwaka uliotangulia alimwagiza pini, maana bei ilikuwa haishikiki. Huyo ndiye anayedai sheria mpya: mtu anayeendesha shamba, watoto na deni peke yake.

Hatua ya 7: Uliza nani hayumo

Martha Washington alichoma barua zake na mumewe. Zimebaki chache mno, na hiyo ya melimeli ni mojawapo. Ilikutwa pamoja na barua nyingine moja kwenye meza ya kuandikia iliyomfikia mjukuu wake. Na watumwa, waliobeba barua, waliowasha mshumaa wa kuandikia, wamo kwa jina moja moja tu, kati ya habari za ng'ombe na tumbaku.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, John alijibu nini kuhusu hao wanawake?
Alicheka. Jibu lake la 14 Aprili linasema hivyo waziwazi, kuhusu "sheria" za mkewe hawezi ila kucheka. Halafu anatania kwamba wanaume ni mabwana kwa jina tu. Usidhani Abigail alikuwa anadai kura. Alilenga mamlaka ya mume ndani ya nyumba, aliyopewa na sheria bila mpaka.

Watoto nao waliandikiwa?
Sana, na walikoma. Novemba 1783 Jefferson, mjane wa mwaka mmoja, anamwandikia Patsy wake wa miaka 11. Saa 2 mpaka 4 asubuhi muziki. 4 mpaka 7 kucheza dansi siku moja na kuchora siku ya pili. Alasiri Kifaransa, kisha muziki tena, kisha Kiingereza mpaka kulala. Anamwonya asikosee tahajia hata neno moja. Ratiba ya bweni kabisa. (Saa nimegeuza kwa hesabu yetu.)

Kiingereza changu cha kuungaunga, nitaweza?
Soma kwa sauti. Abigail hakupelekwa shule, aliandika kama alivyosikia. Sikio litakusaidia pale jicho linapokwama.

Je, ipo barua hata moja ya mtumwa mwenyewe?
Ipo. Hannah, aliyetunza nyumba ya Jefferson ya Poplar Forest, alimwandikia tarehe 15 Novemba 1818. Anamwambia nyumba na samani viko salama, amesikia anaumwa na hatakuja, amesikitika. Kisha anamkumbusha kwamba ni Mungu aliyemponya na si mwingine, na kwamba amri zake sote tunapaswa kuzitii. "Sote", anamwambia bwana wake. Ndipo anajiita mjinga, mnyonge, na kufunga kama wazee wetu walivyofunga barua: inatuacha sisi sote huku wazima.