Ukuta mnene wa matofali na maranda: namna ya kuuingiza kwenye EnergyPlus bila kukwama

Kuta mbili za matofali ya kuchoma, katikati maranda makavu kutoka mashine za mbao za Mafinga: kwa baridi ya Makete au Mbeya ukuta huo unafaa sana. Kwenye EnergyPlus, programu ya kukokotoa joto na nishati ya jengo, ukuta huohuo ndio unaoleta ujumbe kwamba hesabu ya CTF (njia yake ya kawaida ya kukokotoa joto linalopita ukutani) haikufikia jibu.

Anza na karatasi. Matofali milimita 230 kila upande, maranda 200, plasta 15 nje na 15 ndani. Chukua upitishaji joto wa 0.7 W/mK kwa tofali na plasta, 0.07 kwa maranda makavu. Gawanya unene kwa mita kwa upitishaji wa kila tabaka, jumlisha, kisha ongeza 0.17 ya hewa iliyogusa nyuso mbili: unapata ukinzani wa 3.73. Gawanya 1 kwa namba hiyo upate U, yaani joto linalopita kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti: 0.27 W/m²K. Programu ikitoa namba ya mbali, kagua ulichoingiza kwanza. Unene ni mita (0.23, si 230), joto mahususi la tofali ni jouli 840, si 0.84, na tabaka huorodheshwa kuanzia nje kwenda ndani.

Njia ya CTF hujumlisha athari za joto la saa zilizopita. Ukuta mzito hukumbuka ya zamani sana, na hatua za muda zikiwa fupi mfululizo hurefuka mpaka hesabu inashindwa. Punguza hatua kutoka 6 kwa saa hadi 4. Ikigoma, andika maranda kama Material:NoMass, yaani tabaka lisilohesabiwa uzito, yenye ukinzani 2.86 (0.2 kwa 0.07). Hapo hupotezi kikubwa: kwa kila mita ya mraba matofali yana kilo 780 hivi, maranda kama 40 tu. Unayetaka usahihi zaidi, tumia CondFD, njia inayokata ukuta vipande vyembamba na kukokotoa joto la kila kimoja, kwa ukuta huo pekee kupitia SurfaceProperty:HeatTransferAlgorithm:Construction, na hatua zisipungue 20 kwa saa. Hatua hizo hulihusu jengo zima, kwa hiyo jiandae kusubiri.

Siku za kupasha modeli, yaani marudio ya siku ya kwanza mpaka joto la modeli litulie, kikomo chake cha kawaida ni 25. Ukiambiwa hazikutosha, weka 50.

Usikope faili la hali ya hewa la Dar es Salaam. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Miezi hiyo jua la mchana liko kaskazini, kwa hiyo maelekezo ya Ulaya ya kuelekeza madirisha kusini yageuze.

Kisichojulikana na programu ni kwamba maranda hushuka. Kwenye ukuta wa mita 3, yakishuka sentimita 30, juu hubaki pengo la hewa lenye U ya karibu 0.95, na wastani wa ukuta mzima hupanda kutoka 0.27 hadi 0.34, robo nzima. Ugawe ukuta kwenye modeli: kipande cha mita 2.7 chenye maranda, na cha 0.3 chenye hewa. Kisha endesha mara ya pili ukiweka maranda 0.12 badala ya 0.07, kama yaliyolowa masika kwa plasta yenye nyufa. Chagua mitambo ya kupasha joto kwa matokeo ya mara hiyo ya pili.