Kwenda York Kununua Treni za Kuchezea za Zamani: Mwongozo kwa Mgeni

Katika mji wa York, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakusanyaji wa treni za kuchezea hukutana mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kwenye viwanja vya maonyesho vya mji huo. Mwandaaji ni tawi la mashariki la Train Collectors Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1954 na chenye jumba lake la makumbusho huko Strasburg, katika jimbo hilohilo. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza akiwa na nia ya kununua, kwa kuwa anayekwenda kutazama tu atazunguka kumbini mpaka miguu ichoke, naye atakuwa ameipata haki yake.

Kabla ya kukata tiketi ya safari, soma masharti ya msimu husika, kwani York si soko la wazi: baadhi ya kumbi zimetengwa kwa ajili ya wanachama na wageni wao, na humo ndimo wakusanyaji wanamouziana vitu vya zamani mkono kwa mkono. Mtu anayeishi Marekani na kuupenda mchezo huu ni afadhali ajiunge na chama mapema kuliko kufika na kuishia kwenye ukumbi wa wafanyabiashara.

Amua pia unatafuta ukubwa gani. Zilizo nyingi kwenye meza za York ni treni za ukubwa uitwao O, ambazo Marekani hutengenezwa kwa uwiano wa 1:48 na mara nyingi hupita juu ya reli tatu, ile ya katikati ikipeleka umeme. Zile za HO ni za 1:87 na njia yake ina upana wa milimita 16.5, za N ni za 1:160, kwa njia ya milimita 9. Andika kwenye karatasi namba za vichwa na mabehewa unayoyataka, pamoja na bei ya juu kabisa uliyo tayari kutoa kwa kila kimoja, maana meza ni nyingi na tamaa huja haraka. (Anayetarajia kukuta vichwa vya mvuke vya Garratt vilivyopanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi asijisumbue. Reli ile yenye upana wa mita moja, ikipunguzwa kwa 1:87, inadai njia ya takriban milimita 12, na York si mahali pake.)

Wauzaji hutaja hali ya kitu kwa alama za chama, kuanzia C-10, yaani kipya kisichowahi kutumika wala kuchubuka, hadi C-1, ambacho kinafaa kunyofolewa vipuri tu. Zijue alama hizo, lakini uyaamini zaidi macho yako, kwa sababu anayeipanga alama ndiye anayeuza.

Tuseme umekiona kichwa cha dizeli cha kampuni ya Lionel, namba 2333, chenye rangi nyekundu na ya fedha za shirika la reli la Santa Fe, kilichotoka mwaka 1948. Omba ruhusa kwanza. Kushika kitu cha mtu bila kuuliza ni utovu wa adabu hapa kama kwingineko. Ukiruhusiwa, kigeuze. Tazama vigurudumu vidogo vya tumboni vinavyogusa reli ya katikati: vikiwa na mfereji uliochimbika, kichwa hicho kimetembea sana, hata kama rangi yake inang'aa. Tazama midomo ya skrubu, yaani mahali bisibisi inapoingia. Iliyochakaa inaonyesha kwamba kimefunguliwa mara nyingi, na inafaa uulize kwa nini. Pitisha tochi kuzunguka matundu ya skrubu, kwa kuwa plastiki hupasuka hapo kwanza, kwa ufa mwembamba kama unywele. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe mahali pa betri. Honi ya vichwa hivi hupigwa kwa betri kubwa, na watoto wa zamani waliisahau humo kwa miaka. Ikivuja, huila fremu, na ulaji huo hauonekani kabla ya bodi kuondolewa.

Rangi inahitaji subira. Aliyepaka upya huacha dalili kwenye kingo za ndani na kwenye herufi zilizonona kupita kiasi, na wengi hubeba tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ambayo hufanya rangi mpya ionekane tofauti na ile ya zamani. Tochi hiyohiyo hufaa na kwa maboksi: boksi la asili huongeza bei sana, hivyo yapo yaliyochapwa juzi, na karatasi ya kisasa kwa kawaida hung'aa chini ya mwanga huo.

Kwa vitu vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chunguza vyuma vya kumimina. Zinki iliyochanganyika na madini ya risasi huvimba na kupasuka yenyewe kadiri miaka inavyopita, na hakuna dawa. Ukiona gurudumu limevimba au fremu imepinda, rudisha mezani.

Mwisho omba kijaribiwe kwenye njia. Kila umeme unapokatwa na kurudishwa, kichwa kinapaswa kwenda mbele, kusimama, kurudi nyuma, kusimama tena, kwa zamu hiyo.

Beba fedha taslimu, na uulize kwa upole kama bei inaweza kushuka. Vitu adimu huondoka saa za kwanza. Vya kawaida hushuka bei alasiri ya siku ya mwisho, wakati muuzaji anapofikiria kuvifunga na kuvipakia upya garini.

Anayenunua ili apeleke Dar es Salaam au Mombasa ajihadhari na transfoma za zamani. Zilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu una volti 230 au 240 na mizunguko 50. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na hata ukiweka kifaa cha kupunguza volti itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Ni heri kuiacha mezani, hasa kama waya wake umekauka na kupasuka, na kutafuta ya kisasa inayokubali umeme wa nyumbani na kutoa mkondo geu wa volti ndogo.