Jinsi ya kuitambua polaraizesheni ya duara, kuanzia miwani ya 3D mpaka antena

Tafuta miwani ya 3D ya sinema, ile isiyo na betri ambayo ukiinamisha kichwa picha haiharibiki. Vaa, simama mbele ya kioo, fumba jicho la kushoto afu angalia kwa la kulia. Utaliona vizuri jicho ulilofumba, ila lile lililo wazi limezibwa na weusi. Miwani ya 3D ya aina ya zamani, ya polaraizesheni ya mstari, inafanya kinyume kabisa, unaliona jicho lililo wazi na lile lingine ndo linazibwa. Kwa hiyo kioo peke yake kimeshakwambia una miwani gani mkononi, na ukielewa kwanini, mambo mengine yote huku chini yanakuwa mepesi.

Iko hivi. Mwanga ni wimbi lenye uga wa umeme unaotetema, na polaraizesheni ni jinsi uga huo unavyocheza. Kwenye mwanga wa mstari uga wa umeme unacheza kwenye mstari mmoja tu, juu chini juu chini. Kwenye mwanga wa duara uga haupungui wala hauongezeki, unazunguka tu huku wimbi linasafiri, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao, na kuna wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto. Mwanga huo ukigonga kioo, mkono unageuka. Uga wenyewe unaendelea kuzunguka upande uleule, ila safari imegeuka, na mkono tunauhesabu kwa kufuata safari, basi wa kulia unarudi ukiwa wa kushoto na lenzi iliyoutoa inaukataa. Hili la kugeuka ndilo nataka likukae kichwani kwa sababu ndo linaloangusha watu wengi, hata kwenye maabara.

Lenzi yenyewe ina tabaka mbili. Upande wa jicho kuna polaraiza ya mstari, yaani filta inayopitisha mtetemo wa mstari mmoja tu, upande wa nje kuna filamu ya robo-wimbi, yaani inauchelewesha mtetemo wa mhimili mmoja kwa robo ya wimbi kuliko ule wa pili, na mihimili yake imelazwa nyuzi 45 kutoka kwa polaraiza. Filta ya kamera iliyoandikwa CPL (polaraiza ya duara) ni hivyohivyo ila imegeuzwa, polaraiza iko mbele na robo-wimbi iko nyuma upande wa sensa. Kama hujui upande upi ni upi weka filta juu ya sarafu inayong'aa: upande wa robo-wimbi ukigusa sarafu utaona giza, ukiigeuza sarafu inaonekana. Weka alama kabisa kwa kalamu, usitegemee kukumbuka.

Sasa kupima mwanga usioujua. Wengi wanachukua polaraiza ya mstari, wanaizungusha, wakiona mwangaza haubadiliki wanasema haya, huu ni wa duara. Hapana! Mwanga wa kawaida usio na polaraizesheni nao hautabadilika, hapo bado hujapima kitu. Lazima upitishe kwanza kwenye robo-wimbi ndo uje kwenye polaraiza, maana robo-wimbi inaugeuza mwanga wa duara kuwa wa mstari, na wa mstari unaweza kuuzima kabisa. Kwa hiyo elekeza upande wa robo-wimbi wa lenzi kwenye chanzo, angalia kwa lenzi moja afu kwa ya pili: moja inang'aa na nyingine ni giza, basi ni wa duara. Zote sawa na hata ukizungusha polaraiza ya kawaida hakuna mabadiliko, hakuna polaraizesheni. Ukikuta unapungua lakini haufiki giza, ni wa duaradufu au ni mchanganyiko, usilazimishe jibu.

Ukitaka kuutengeneza mwenyewe, skrini ya LCD inatosha kuwa chanzo cha mwanga wa mstari (cheki kwanza kwa polaraiza kama inazimika, skrini nyingine zina filamu ya ziada juu). Bandika selotepu angavu kwenye kioo chembamba, ilaze nyuzi 45 kutoka mstari wa skrini, sio kutoka ukingo wake maana mstari wa skrini nyingi wenyewe umeinama, afu zungusha polaraiza upande wako. Mwangaza usipobadilika sana umepata robo-wimbi. Ukikuta giza limehama tu sehemu nyingine, hiyo selotepu ni nusu-wimbi (inachelewesha nusu ya wimbi badala ya robo), jaribu ya aina nyingine. Rangi nayo itakusumbua kidogo kwa sababu robo ya wimbi la kijani la nanomita 550 ni nanomita 137 na nusu, ambayo sio robo ya jekundu, ndo maana pembeni unaona rangirangi.

Ukishapata kipimo kitembeze kwa mbawakawa wanaong'aa kama chuma. Mwanafizikia Michelson aliona mwaka 1911 kwamba kuna mbawakawa ambao gamba lao linarudisha mwanga wa duara, na hapa sio kama kioo, gamba limepangwa kama ngazi ya mzunguko na linachagua mkono wa kushoto. Kwa lenzi moja anang'aa, kwa nyingine anafifia. Mwaka 1908 mwanaastronomia Hale naye alitumia kifaa cha mtindo huuhuu, kipande cha kioo cha Fresnel kinachofanya kazi ya robo-wimbi na prisma ya Nicol, ambayo ni polaraiza, nyuma yake, akaelekeza kwenye madoa ya jua na akaonesha yana usumaku mkali.

Kwenye redio robo-wimbi huhitaji, unasokota waya tu. Antena ya springi aliyoibuni mhandisi Kraus mwaka 1946 inataka mzingo wa kila duara uwe kama wimbi moja na nafasi kati ya duara na duara kama robo yake, nyuma bamba la chuma. Kwa gigahezi 2.4 wimbi ni sentimita 12 na nusu, kwa hiyo kipenyo kama sentimita 4 na nafasi kama 3. Ukinzani wake kwa mawimbi (impedance) unakuja karibu omu 140, usiiunge antena moja kwa moja kwenye kebo ya omu 50 bila kuulinganisha. Ikisokotwa kama skrubu ya kawaida ni ya kulia.

Ila hapa shika kitu, wahandisi wa redio wanaangalia wimbi likiondoka, vitabu vingi vya mwanga vinaangalia likija, kwa hiyo "kulia" ya huyu ni "kushoto" ya yule. Andika umetumia kanuni gani kabla hujaandika namba yoyote.

Na lile la kioo linarudi. Ukiweka springi kwenye dishi, dishi linageuza mkono, kupokea wa kulia unahitaji springi ya kushoto. GPS inatuma wa kulia, ikigonga bahari inarudi zaidi ikiwa ya kushoto, ndo maana satelaiti 8 za CYGNSS za NASA zilizorushwa 2016 ziliwekewa antena za kushoto zinazoangalia chini, za kusoma upepo wa baharini kutoka kwenye mwangwi huo. Mwaka 1991 rada ya Goldstone huko Marekani ilituma mawimbi ya duara mpaka sayari ya Utaridi na VLA, kundi la antena kubwa za redio, ikapokea, na kwenye ncha ya kaskazini ya sayari mwangwi mkubwa ukarudi na mkono uleule uliotumwa. Mwamba wenye uso laini ungeugeuza, barafu inaurushia ndani mara nyingi mpaka mkono unabaki uleule.

Kama una mpokeaji wa njia mbili, kulia na kushoto, usiziamini lebo za kebo. Elekeza antena juu bila dishi, pokea GPS kwenye megahezi 1575.42, njia yenye nguvu zaidi ndo ya kulia, hata kama kebo imeandikwa vingine.