Kujifunza na Kufundisha Banjo ya Kiayalandi: Anza na Mkono wa Kulia

Banjo inayotumika katika muziki wa jadi wa Ayalandi ni ile ya tena (kwa Kiingereza tenor), yenye nyuzi nne na inayopigwa kwa risha, yaani kipande chembamba cha kukwanyulia nyuzi, wala si ile ya nyuzi tano ya Marekani inayopigwa kwa vidole. Chimbuko la banjo kwa jumla ni Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, ambao waliiunda kwa kufuata ala za vibuyu na ngozi za Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1840 Joel Walker Sweeney wa Virginia aliipiga mbele ya watazamaji wa Uingereza na Ayalandi, na banjo ya tena ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Mwongozo huu unamhusu anayeanza pamoja na anayemfundisha, kwa sababu makosa ya mwanafunzi mara nyingi hutokana na mpangilio wa masomo aliyopewa.

Hatua ya kwanza ni kuiweka ala sawa. Linganisha nyuzi, kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba, kwa noti za G, D, A na E, yaani oktava moja (noti zile zile, ila nzito zaidi) chini ya fidla. Mlinganisho huu ulienea hasa kupitia Barney McKenna, mpiga banjo wa kundi la Ayalandi la The Dubliners, na faida yake ni kwamba nyimbo zilizotungwa kwa fidla hukaa vidoleni bila kubadilishwa. Jihadhari unaponunua nyuzi: pakiti nyingi za banjo ya tena hutengenezwa kwa mlinganisho wa C, G, D na A, ambao uko juu zaidi, kwa hiyo ukizishusha nyuzi hizo hulegea na kukwaruza. Tafuta seti ambayo waya mwembamba una unene wa takriban inchi 0.012 na ule mnene takriban inchi 0.040. Kisha kagua daraja, yaani kipande kinachoinua nyuzi juu ya ngozi ya banjo, ambalo halikugandishwa kwa gundi bali hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Bonyeza uzi kwenye freti (kijiti cha chuma kilichokingama shingoni) ya 12 na uupige, halafu uuguse kidogo mahali hapo hapo bila kuubonyeza na uupige tena. Sauti hizo mbili zisipolingana, sogeza daraja polepole mpaka zilingane.

Hatua ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ni mkono wa kulia. Shika risha kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, uishike kwa wepesi kiasi kwamba mtu akiivuta itatoka bila shida. Risha yenye unene wa milimita 0.6 hadi 0.73 inafaa kwa wengi, kwa kuwa inapinda kidogo inapokutana na waya. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimetulia. Kwa wiki mbili za mwanzo mwanafunzi apige uzi mmoja tu ulio wazi, akishuka na kupanda kwa zamu, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, mpaka pigo la kupanda liwe na nguvu sawa na la kushuka. Mimi niliruka zoezi hili kwa kuwa nilitamani kasi, na baadaye ilinibidi nitumie karibu mwaka mzima kuufundisha mkono wangu upya.

Baada ya hapo vidole vya kushoto huja kwa urahisi. Skeli ya D, yaani ngazi ya noti inayoanzia D, huanza kwenye uzi wa D ulio wazi, kisha freti za 2, 4 na 5, halafu uzi wa A ulio wazi na freti zile zile tena. Hamisha umbo hilo kwenye nyuzi za G na D, nawe utapata skeli ya G. Nyimbo nyingi za vikao vya Ayalandi, ambako wapigaji hukutana kupiga pamoja, zimo ndani ya noti hizo.

Sasa unganisha mikono miwili kwa kufuata aina ya wimbo. Rili, aina ya wimbo wa kuchezea ngoma, ina noti nane katika kila bari (kipande kimoja cha mapigo ya wimbo), na risha hushuka na kupanda bila kubadilisha zamu. Jigi, aina nyingine ya wimbo wa ngoma, ni tofauti: noti zake sita za kila bari zimegawanyika katika mafungu mawili ya tatu, na kila fungu hupigwa kushuka, kupanda, kushuka. Maana yake ni kwamba fungu la pili huanza kwa kushuka mara nyingine, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa; lakini pigo hilo la pili la kushuka ndilo linalompa mchezaji ngoma mahali pa kuweka mguu, kwa hiyo mwalimu asiliruhusu lipotee hata kwa ajili ya wepesi.

Tripleti, yaani mapigo matatu ya haraka, ije mwisho. Sauti ya banjo hufifia upesi baada ya kupigwa, na wapigaji huujaza upungufu huo kwa mapigo matatu ya haraka, mara nyingi juu ya noti moja, mahali ambapo pangekaa noti mbili za rili. Yapige kushuka, kupanda, kushuka, kisha noti inayofuata ianze tena kwa kushuka. Mkono ukikakamaa, punguza kasi mara moja.

Kwa upande wa kufundisha, nashauri masikio yatangulie karatasi. Wimbo wa kawaida una sehemu mbili za bari nane, kila moja ikirudiwa. Mwalimu apige bari mbili, aziimbe bila maneno, kisha mwanafunzi azirudishe kabla ya kusonga mbele. Arekodi somo kwa simu ili nyumbani asikilize mwendo wenyewe, si noti pekee. Wimbo mmoja kwa wiki unatosha kabisa.

Anapokwenda kwenye kikao, akae nyuma ya fidla na filimbi, apige nyimbo anazozijua vizuri tu, na kama tayari kuna banjo nyingine asikilize kwanza, kwa sababu ala hii ina sauti kubwa na kosa lake moja husikika chumba kizima.