Jinsi ya Kukadiria Vifaa vya Dharura vya Kubeba Porini

Wengi wanaojiandaa kwa safari ya miguu porini huanza na orodha ya vifaa, ilhali swali la kuanzia ni jingine: nikiteguka kifundo cha mguu mahali pa mbali kabisa katika njia hii, giza likiwa linaingia, nitahitaji nini ili nifike asubuhi nikiwa salama? Jibu la swali hilo ndilo mzigo wa dharura. Vitu vingine vyote ni vya starehe au vya kujifariji, na hakuna ubaya kuvibeba, mradi visihesabiwe kuwa kinga.

Kadiria kwanza umbali wa msaada kwa saa, wala si kwa kilomita. Kanuni aliyoitoa mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hesabu hiyo inamhusu mtu mwenye afya asiyepumzika njiani, kwa hiyo mwenye mzigo mzito au anayefuatana na watoto aongeze walau nusu ya muda huo. Ikiwa barabara iko mwendo wa saa mbili na simu inashika mtandao, mzigo mdogo unatosha. Ikiwa ni mwendo wa siku nzima na njia haina wapitaji, jiandae kwa usiku mmoja usioupanga, na pengine wa pili.

Hatari inayofuata kupimwa ni baridi, kwa sababu inaweza kuua mapema kuliko kiu au njaa. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo anaweza kupoteza joto la mwili kwa kiwango cha hatari hata hewa ikiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, na kwa wastani halijoto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana koti lisilopitisha maji, vazi la ziada la sufu au poliesta, na kofia havipaswi kuachwa hata asubuhi ikiwa na jua kali. Nguo za pamba hazifai, kwani zikilowa hushika maji na kuacha kutia joto. Kwa kujihifadhi usiku, naona mfuko mkubwa wa plastiki nene ambao mtu anaingia mzima ni bora kuliko lile blanketi jembamba la kung'aa, ambalo huchanika kirahisi na kupeperushwa na upepo. Beba pia kitu cha kukalia, maana ardhi hunyonya joto la mwili.

Maji ndiyo yanayotatiza hesabu, kwa kuwa kila lita ina uzito wa kilo moja. Nusu lita kwa saa ya kutembea ni kadirio la kuanzia, na jua kali huliongeza. Penye vijito vya uhakika, punguza akiba ubebe njia ya kuyasafisha maji: kuyachemsha kwa dakika moja tangu yaanze kutokota, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, ndiko kwenye uhakika zaidi. Usiamini kijito kwa kuwa tu kimechorwa kwenye ramani, hasa wakati wa kiangazi.

Vilivyobaki ni vyepesi na havina mjadala: tochi ya kichwani, vyanzo viwili vya moto, kisu kidogo, bendeji, ramani, dira na filimbi. Ishara ya dharura milimani ni milio 6 kwa dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, halafu unarudia.

Shoka, ndoano na mitego viache nyumbani. Aliyeumia anatakiwa kutulia mahali pamoja aonekane, si kuwinda, na uzito wenyewe ni hatari kwa sababu humchosha mtu, humchelewesha na humwangusha kwenye miteremko. Kwa safari ya siku moja, begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Kwa safari ya kulala porini, lisizidi sehemu ya tano, yaani kilo 14 kwa mtu wa kilo 70. Lipime kwenye mizani likiwa na maji ndani. Likizidi, toa kila kifaa ambacho huwezi kutaja hatari kinayoikinga. Katika kundi, hema na jiko vinaweza kugawanywa, lakini nguo za joto, maji, tochi na filimbi kila mtu abebe vyake, kwa kuwa anayepotea mara nyingi hupotea peke yake.

Mwachie mtu unayemwamini maandishi ya njia utakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajakusikia atawaarifu waokoaji. Kadiri saa hiyo inavyokuwa karibu na saa ya kurudi, ndivyo muda wa kusubiri porini unavyopungua, na chakula cha akiba kinaweza kupunguzwa kwa kiasi hicho.