Kuendesha seva ya Mastodon ya watu hamsini ukiwa Nairobi

Mastodon ni mtandao wa kijamii wa seva nyingi huru zinazowasiliana, na kila kikundi kinaweza kuendesha yake. Kabla hujakodi chochote, chagua jina la kikoa (anwani ya seva yako), maana makosa mengine mengi hurekebishika ila hilo. Katika itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni za mawasiliano kati ya seva hizo, iliyopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2018, kila akaunti hujulikana kwa anwani yake kamili, na seva nyingine huihifadhi anwani hiyo pamoja na ufunguo wake wa kuthibitisha saini. Ukibadilisha jina, wafuasi hawakufuati. Ukifuta kila kitu na kuanza upya kwa jina lilelile, seva zinazokumbuka funguo za zamani huenda zikakataa ujumbe wako kimyakimya. Basi usivutiwe na jina la ofa linalopanda bei mwaka wa pili. Jina la .ke au .or.ke linatosha kabisa. Lisajiliwe kwa jina la kikundi, na barua pepe ya usajili isiwe chini ya kikoa hichohicho.

Kuweka seva nyumbani South B au Kasarani si wazo zuri. Watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo seva za nje hazikufikii. Stima nazo hupotea bila taarifa. Kodi seva yenye CPU 2, RAM ya GB 4 na diski ya GB 80, uweke Debian au Ubuntu. Mastodon ni programu kadhaa zinazotegemeana: Rails, PostgreSQL (hifadhidata), Redis, Sidekiq (inayofanya kazi za foleni, kama kutuma ujumbe kwa seva nyingine) na Node.js. Ukibana pesa ukachukua RAM ya GB 2, mara nyingi hatua ya kuandaa faili za tovuti hukatizwa na mfumo katikati. Ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2. Mkiwa chini ya kumi, GoToSocial, programu mbadala iliyo nyepesi, huendeshwa na hifadhidata ndogo ya SQLite kwenye RAM ya GB 1, ila lazima wanachama watumie programu ya simu au tovuti nyingine kusomea, kwa kuwa haina ukurasa wake wa kufuatilia machapisho.

Michango ya wanachama itaingia kwa M-Pesa kwa shilingi, lakini wakodishaji wengi wa seva hudai dola au yuro kwa kadi. Weka akiba ya miezi mitatu kwa mkodishaji ikiwa anaruhusu. Seva ndogo inaweza kuzimwa na kadi iliyokataliwa hata bila mdukuzi.

Usakinishaji wenyewe fuata mwongozo rasmi, hatua kwa hatua, wala usiruke cheti cha TLS (kinacholinda mawasiliano ya tovuti). Hakikisha saa ya seva inajirekebisha yenyewe: ujumbe kati ya seva hutiwa saini pamoja na wakati, na saa ikipotoka sana wenzako watakukataa.

Barua pepe ndipo wengi hukwama. Wakodishaji wengi hufunga mlango wa 25 (njia ambayo seva hutumiana barua pepe), hivyo watu hujisajili wakasubiri barua ya uthibitisho isiyofika. Tumia huduma ya kutuma barua kupitia mlango wa 587, kisha weka kwenye DNS ya kikoa chako rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua zimetoka kwako. Jaribu na anwani za Gmail na za ofisi kabla ya kumwalika mtu.

Sasa diski. Mwanachama mmoja akifuata watu mia tano duniani kote, seva yako hupakua picha na video zao na kuzitunza kama nakala. Hamsini wakifanya hivyo, GB 80 hujaa upesi, na diski ikijaa PostgreSQL hushindwa kuandika na kila kitu husimama. Weka amri hii kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha), kila siku:

RAILS_ENV=production bin/tootctl media remove --days=7

Picha zilizofutwa ni nakala za nje tu. Za wanachama wako haziguswi. Kuona kinachokula nafasi, tumia `tootctl media usage`. Kumbuka seva nyingi hutumia saa ya UTC: kazi ya 00:00 kwenye cron huanza saa tisa usiku hapa Nairobi, wakati mzuri kabisa. Usikimbilie relay (seva inayosambaza machapisho ya seva nyingi) ili kujaza ukurasa mtupu. Huleta machapisho mengi msiyoyataka. Waambie wanachama wafuate alama kama #Kenya na watu wanaowajua.

Nakala rudufu ifanywe kila usiku kwa `pg_dump -Fc`, ikahifadhiwe kwa mkodishaji mwingine. Pamoja nayo tunza faili ya mipangilio ya .env.production na folda ya picha za wanachama. Ukipoteza funguo za faili hiyo, kuanzia toleo la 4.3 data iliyosimbwa haisomeki tena hata hifadhidata ikiwa salama. Mara moja kwa robo mwaka, rejesha nakala kwenye seva ya majaribio, lakini usiiache iwasiliane na nje: Sidekiq izimwe.

Usajili uwe wa kuidhinishwa, na swali la "Kwa nini unataka kujiunga?". Mwanzoni mwa 2024 mafuriko ya ujumbe taka yalipitia seva ndogo zilizoachwa wazi bila msimamizi. Teua angalau wasimamizi wawili wanaoelewa Kiswahili na Sheng, kwa sababu uchochezi wa kikabila husemwa kwa mafumbo yasiyomo kwenye orodha yoyote ya kuzuia iliyotungwa Ulaya. Seva ya nje inayosumbua kidogo, iwekee kikomo (limit). Kuisimamisha kabisa (suspend) hukata pia ufuasi wa wanachama wako. Pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: data ikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72.

Ikibidi kufunga, toa notisi ya miezi mitatu. Mwanachama anayehama aanze kwa kuweka akaunti ya zamani kama lakabu kwenye akaunti mpya, ndipo aanzishe uhamisho kutoka ile ya zamani. Wafuasi watahamia, machapisho yatabaki, kwa hiyo apakue kumbukumbu zake. Mwishowe endesha `tootctl self-destruct`, fuata maelekezo inayokupa, na uiache Sidekiq ikifanya kazi mpaka foleni iishe, ili seva nyingine zifute nakala zao.