Yakisoba ya chapuchapu nyumbani, bila tambi kuwa bonge

Wifi yangu alinitumia picha ya yakisoba (tambi za kukaanga za Kijapani) aliyopika: tambi zimeshikana bonge moja, kabichi inaelea kwenye maji yake. Maelekezo haya nilimwandikia yeye. Vipimo ni vya watu wawili.

1. Tambi

Japani wanatumia tambi za ngano zilizokwisha kupikwa kwa mvuke, zinazouzwa kwenye friji za madukani, kwa kawaida gramu 150 kwa mtu. Ukizikosa, chukua spageti nyembamba kabisa, gramu 180, uzichemshe kwenye maji yenye bikaboneti ya soda, vijiko viwili vya chai kwa kila lita. Si hamira, wala si beking pauda. Bikaboneti ndiyo inayozipa rangi ya manjano na ule mnato wa tambi za Kichina. Povu litapanda ghafla, kwa hiyo tumia sufuria kubwa na usiondoke jikoni. Zitoe zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, suuza kwa maji baridi, kung'uta.

2. Sosi

Sosi ya Worcestershire (sosi nyembamba ya Kiingereza yenye siki) vijiko vikubwa vitatu, sosi ya chaza kimoja, kechapu kimoja, soya kijiko cha chai, sukari kijiko cha chai. Koroga. Ukiweka soya peke yake umepika kitu kingine, labda kitamu, ila si yakisoba.

3. Kukata

Kabichi vipande vya kutosha mdomo, karoti nyembamba, kitunguu, nyama ya nguruwe yenye mafuta. Asiyekula nguruwe aweke paja la kuku lisilo na mfupa.

4. Kukaanga

Hapa ndipo watu wanapoharibu, na adui ni maji.

Tumia kikaango cha chuma kipana. Vile visivyogandisha sivipendi kwa kazi hii, maana havifai kupashwa moto mkali. Pika sahani moja moja, hata kama wageni wananung'unika. Ukijaza kikaango, moto unashindwa na kila kitu kinachemka badala ya kukaangika.

Anza na tambi, peke yake. Mafuta kijiko kikubwa, zitandaze, halafu ziache. Usizikoroge! Dakika mbili au tatu, mpaka upande wa chini ufanye ukoko wa kahawia na usikie harufu ya ngano iliyoungua kidogo. Geuza, dakika moja, weka pembeni.

Kikaango hichohicho: nyama kwanza, ikishatoa mafuta yake weka karoti, kitunguu na mashina ya kabichi. Majani yafuate baadaye, dakika moja yanatosha. Chumvi usiguse, inakamua maji ya kabichi, na sosi ina chumvi tele.

Rudisha tambi. Maelekezo ya pakiti za Kijapani husema umwagie maji kidogo ili ziachane. Hiyo ni kwa tambi zilizokakamaa kwenye friji, na hata hizo mimi napendelea kuzipasha kwenye maikrowevu dakika moja, pakiti ikiwa imetobolewa. Ulizochemsha mwenyewe hazihitaji hata tone. Zikigoma kuachana, tumia vijiti au uma kuzinyanyua, mwiko unazikatakata.

Sosi mwisho kabisa, moto ukiwa juu. Imwage ukingoni mwa kikaango, si juu ya tambi, ili iungue kidogo kabla ya kuchanganyika. Geuza kama nusu dakika, epua.

5. Juu yake

Kawaida ni unga wa mwani wa kijani na tangawizi nyekundu ya siki. Huko Japani, mji wa Yokote, mkoani Akita, wanaweka yai la kukaanga lenye kiini laini. Mji wa Fujinomiya, mkoani Shizuoka, wananyunyiza unga wa samaki, mara nyingi sadini, na huo ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu dagaa wakavu waliosagwa wanakaribia sana ladha ile. Toa vichwa kabla ya kusaga, vina uchungu.